Habari na Hadithi katika Sinema: Uchunguzi kutoka Pwani ya Msimbati

Wataalamu wa sinema wamezoea kuzigawa filamu katika mafungu mawili makubwa: filamu ya hali halisi, ambayo hudai kuonyesha mambo yalivyo, na filamu ya kubuni, ambayo husimulia mambo yaliyotungwa. Kwa mwanahistoria mgawanyo huu ni jambo zito. Akikosea fungu, ataichukua hadithi kuwa ushahidi, au ataitupa hazina kwa kuidhania upuuzi. Makala haya yanauchunguza mpaka huo kwa kutazama filamu zilizotengenezwa Tanganyika tangu 1935 hadi miaka ya 1950, pamoja na mchezo wa vinyago wa Wamakonde, ambao nchi yao huishia baharini huko Msimbati, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mlango wa Mto Ruvuma.

Lugha yetu yenyewe ina la kutufunza hapa. Neno "hadithi" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mazungumzo au taarifa, na kwa wanazuoni wa Kiislamu ni jina la mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume. Lakini Mswahili yule yule anayelitukuza neno hilo msikitini, jioni hulitumia kwa kisa cha Sungura na Fisi. Neno moja, basi, limebeba taarifa iliyothibitishwa na masimulizi yaliyobuniwa. Wanazuoni walipotaka kupambanua mapokeo sahihi na yaliyo dhaifu, hawakutosheka na uzuri wa matini; waliuliza kwanza isnadi, yaani nani amepokea kwa nani, na kama msimulizi ni wa kuaminika. Yafaa tuikumbuke kanuni hiyo.

Tukiitazama historia ya sinema duniani, twaona kwamba mpaka huo haukuwa safi tangu mwanzo. Filamu ya ndugu Lumière ya mwaka 1895, inayoonyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda chao huko Lyon, imebaki katika namna tatu, maana watu walitolewa mlangoni zaidi ya mara moja ili wapigwe picha. Robert Flaherty, katika *Nanook of the North* ya mwaka 1922, aliwataka Wainuiti wamwinde mnyama wa baharini kwa chusa, ingawa wakati huo walikuwa na bunduki. Na nyumba ya barafu ilijengwa nusu tu ili mwanga uingie. Mwaka 1926 John Grierson, akiandika juu ya filamu nyingine ya Flaherty, ndipo alipolitumia kwa Kiingereza neno ambalo likawa jina la fungu zima la filamu za hali halisi. Jina, basi, lilizaliwa juu ya kazi ya mtu aliyekuwa na desturi ya kuyapanga mambo kabla ya kuyapiga picha.

Hapa kwetu mfano mkubwa ni ule wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi kati ya 1935 na 1937, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Wasimamizi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu 35, na sauti ziliwekwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Nia yao ilikuwa kufundisha: afya, kilimo, kodi, na kuweka akiba. Hata hivyo, filamu ya akiba ya posta haikuwa mhadhara, bali ilikuwa kisa. Mtu mmoja aficha fedha zake, mwivi azigundua na kuziiba. Mwenziwe aliyeziweka posta asalimika. Waigizaji walikuwa wenyeji ambao kazi yao haikuwa kuigiza. Basi tuiweke filamu hii katika fungu lipi? Wizi ni wa kubuni. Lakini nguo, nyumba, na mwendo wa watu ni vya wakati ule. Na juu ya yote, nia ya serikali ya kikoloni kumtaka mfanyakazi awe mtu wa namna fulani ni jambo la kweli kabisa, nayo imo katika kila picha.

Baadaye, tangu 1939, Colonial Film Unit, iliyoongozwa na William Sellers, ilishika rai kwamba mtazamaji Mwafrika asiyejua kusoma atachanganyikiwa na hila za sinema. Kwa hiyo picha ziende polepole, na mambo ya kughilibu macho yaepukwe. Rai hiyo ilimdhania mtazamaji kuwa hajapata kujizoeza kutenga sura na mtu anayeivaa.

Hoja hiyo haisimami mbele ya ushahidi wa nchi ya Ruvuma. Wamakonde, walioko kando zote mbili za mto huo, wana kinyago cha kichwa ambacho ng'ambo ya Msumbiji huitwa lipiko, na wingi wake mapiko. Mchezaji hukivaa kichwani, akichungulia kwa tundu la mdomo, na mwili wake wote hufunikwa nguo asitambulike. Kwa desturi, wanawake na wasiotiwa jandoni waliambiwa kwamba anayecheza ni mzimu. Wanaume waliotahiriwa walijua ni mtu, nao walifunzwa kuitunza siri hiyo. Tena vinyago havikuonyesha mizimu tu: vilichongwa pia sura za Wazungu na watu wa serikali, vikaigiza mienendo yao. Jamii yenye mchezo wa namna hii yajua vema kwamba kitu kimoja chaweza kuwa cha kweli kwa huyu na cha kuigiza kwa yule, kwa kadiri ya mapatano yaliyopo kati ya mchezaji na mtazamaji. Hivyo ndivyo mpaka wa filamu ulivyo: haumo katika picha, umo katika mapatano.

Na mapatano hubadilika kwa kupita miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, mzaliwa wa kusini, alicheza katika filamu ya Kiswahili *Muhogo Mchungu*. Watazamaji wa wakati ule waliitazama kama kisa. Sisi twamtazama kijana ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hadithi imegeuka habari, wala hakuna picha hata moja iliyobadilishwa.

Kwa hiyo yatupasa tuiulize kila filamu isnadi yake: nani aliigharimia, nani aliipanga, nani alitakiwa kuitazama, na waliopigwa picha waliambiwa nini. Suala hili si la zamani tu. Gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982 katika Ghuba ya Mnazi, ambayo rasi ya Msimbati huikinga na bahari kuu, na mwaka 2013 ghasia zilizuka Mtwara juu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Mambo ya namna hiyo hupigwa picha na serikali, na makampuni, na watu wenyewe, na kila upande huziita picha zake ukweli. Mwanahistoria wa kesho atakayezipokea bila isnadi atakuwa kama yule asiyeingia jandoni: ataona mzimu ukicheza, wala hatajua ni nani aliye ndani.