Viungo vya vifurushi vya programu: njia ya mkato inayohitaji tahadhari

Programu nyingi za kompyuta, kuanzia za benki hadi za madukani, haziandikwi upya kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Watengenezaji wake huziunda kwa kutumia vifurushi, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo kila kimoja hufanya kazi maalumu na huweza kutumika katika miradi mingi.

Kwa wanaotumia lugha ya JavaScript, vifurushi hivyo hupatikana kwa njia ya npm, chombo kilichoanzishwa na Isaac Schlueter mwaka 2010. Kifurushi huwekwa katika ghala la npm kwenye intaneti kikiwa na namba ya toleo, na kila mradi unaokihitaji huchukua nakala yake na kuihifadhi katika folda iitwayo node_modules.

Utaratibu huo huwa mzito pale mtu mmoja anapoandika kifurushi na mradi unaokitumia kwa wakati mmoja. Kila anaposahihisha herufi moja, hulazimika kutoa toleo jipya, kulipeleka ghalani na kulichukua tena ili alijaribu. Aidha, namba ya toleo ikishatumika katika ghala hilo haiwezi kutumika tena, hata kama toleo lenyewe lilikuwa na kasoro.

Kiungo kinavyofanya kazi

Ufumbuzi wake ni amri ya npm link. Mtengenezaji huitoa kwanza ndani ya folda ya kifurushi, na kompyuta huweka kiungo cha folda hiyo mahali pa pamoja. Kisha huingia katika folda ya mradi na kuitoa tena, safari hii akitaja jina la kifurushi.

Kuanzia hapo, mradi hauna tena nakala ya kifurushi, bali una kiungo kinachoelekeza kwenye folda halisi. Mabadiliko yanayofanywa huko huonekana katika mradi pasipo kupitia intaneti. Viungo vya namna hii si vigeni, kwani vilikuwamo katika mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983.

Hatari zake

Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake. Kiungo kimo katika kompyuta ya mtengenezaji peke yake. Faili ya package.json, inayoorodhesha vifurushi ambavyo mradi unavihitaji, hubaki ikitaja toleo lililoko ghalani.

Mfano wa kodi unalifafanua jambo hili. Aprili 1, 2020, Kenya ilipunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na ikairejesha kuwa 16 Januari 1, 2021. Mtengenezaji wa programu ya duka aliyebadilisha kiwango ndani ya kifurushi kilichounganishwa kwa kiungo angeona risiti zote zikitoka sawasawa mezani kwake. Lakini kama angesahau kupeleka toleo jipya ghalani, kompyuta ya dukani ingechukua toleo la zamani, na kila mteja angetozwa kodi isiyo sahihi bila onyo lolote kutolewa.

Hatari ya pili ni nakala mbili za kitu kimoja. Kifurushi kilichounganishwa huendelea kutafuta mahitaji yake katika folda yake cha chenyewe. Iwapo mradi na kifurushi vyote vinatumia React, nakala mbili za React huweza kupakiwa pamoja, na programu husimama kwa kosa ambalo halitokani na mstari wowote aliouandika mtengenezaji.

Vilevile, amri ya npm install ikitolewa baadaye huweza kukiondoa kiungo na kurudisha nakala ya ghalani. Mtengenezaji asiyetambua hilo huweza kupoteza saa nyingi akisahihisha msimbo ambao mradi wake hausomi tena.

Namna ya kujihadhari

Hatua ya kwanza ni kujua kilichounganishwa. Amri ya npm ls huonyesha vifurushi vya mradi, na vile vya kiungo huwekewa alama ya mshale. Kazi ikikamilika, kiungo huondolewa kwa npm unlink.

Hatua ya pili ni kupima kile kitakachomfikia mtumiaji. Amri ya npm pack hutengeneza faili moja iliyobanwa, yenye yale tu ambayo yangepelekwa ghalani. Faili hiyo ikiwekwa katika mradi badala ya kiungo, upungufu wowote, likiwamo faili lililosahauliwa, hujitokeza mapema.

Kwa miradi inayotembea pamoja wakati wote, npm toleo la 7 la mwaka 2020 lilileta utaratibu wa kuweka vifurushi kadhaa chini ya folda kuu moja na kuviunganisha moja kwa moja. Lugha nyingine nazo zina njia zao. Watumiaji wa Python hutumia pip install -e, na lugha ya Go ilipata utaratibu kama huo katika toleo 1.18 la mwaka 2022.

Kiungo, basi, ni chombo cha karakana. Humwezesha fundi kufanya kazi kwa haraka, lakini hakithibitishi kwamba kazi yake itafika salama kwa mteja.