Korosho za Shule na Daftari Lake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mliotufuata,

Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Shule zikahimizwa kuwa na mashamba. Kwetu Mitwero, kama kwingineko pwani ya Lindi, ukitaja shamba umetaja mikorosho na minazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa katika shule moja ya msingi ya pwani hiyo, jina nalihifadhi. Msimu ulipofika tuliokota korosho, tukazitenga na mabibo, tukaanika, zikauzwa. Siku ya kufunga shule wazazi walikuja, ngoma zikachezwa, nao wakatunza walichojaliwa. Tuliambiwa chaki na mpira vimetoka humo. Hesabu yenyewe hatukusomewa hata siku moja.

Nilipokuwa chuo kikuu nililisoma andiko lile. Kumbe Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kuweka kumbukumbu za shamba na kuamua ziada itumikeje! Sisi tulipewa jembe, daftari tukanyimwa.

Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika elimumsingi, na michango ya lazima ikazuiwa. Ni jambo jema. Mchango wa hiari ungalipo, nasi leo tutachangia shule yetu. Naomba hesabu isomwe hadharani, na msomaji awe mwanafunzi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.