Neno “Kazi” katika Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971 ilikusanya chini ya paa moja ndoa za Tanzania Bara ambazo hapo awali zilihukumiwa kwa sheria ya Kiislamu, kwa mila za makabila, au kwa sheria zilizoachwa na Waingereza. Kifungu chake cha 114 chairuhusu mahakama itoapo talaka kugawanya mali iliyochumwa na wawili hao kwa juhudi ya pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Neno hilo la mwisho ndilo lililozua mzozo.

Kupika, kufua, kuteka maji na kulea huitwa kazi za nyumbani. Hata hivyo mume aulizwapo habari za mkewe aweza kujibu kwamba hana kazi, yupo nyumbani tu. Majaji wa Mahakama Kuu, ijapokuwa waliisoma sheria kwa Kiingereza, waligawanyika katika maana hizo hizo mbili: wengine walizihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango, wengine walikataa.

Ndipo ikaja Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983. Ndoa yenyewe ilifungwa mwaka 1971 na kuvunjwa mwaka 1980 katika Mahakama ya Mwanzo ya Ilala, ambako mashauri husikilizwa kwa Kiswahili. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango halali. Lakini mdai mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwani ilionekana kwamba alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Alilipatia neno maana yake, akaondoka bila sehemu ya nyumba.

Jambo hili si la vitabuni tu. Huko Madale, pembezoni mwa Kinondoni, mtu aweza kununua kiwanja kabla ya kuoa, kisha nyumba ikapanda kidogo kidogo, mume akileta saruji na mke akilinda matofali na kuwapikia mafundi. Hati ina jina moja. Kifungu hicho hicho chaihesabu pia mali ya kabla ya ndoa, endapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi wa pili au kwa juhudi ya wote wawili. Na mke wa namna hii akifika mahakamani, ataulizwa kwanza alifanya kazi gani.