Kadeti wa Jeshi la Wanamaji: Kutoka Ogembo Hadi Mtongwe

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964, na makao yake makuu yako Mtongwe, Mombasa. Wengi wetu huku Pwani hudhani ni jeshi la watoto wa ufukweni. Sivyo. Kijana wa Ogembo, kaunti ya Kisii, aliyekulia kando ya mto Gucha, hupimwa kwa vigezo vile vile anavyopimwa kijana wa Likoni.

Kwanza, tutofautishe kuruta na kadeti. Kuruta huchaguliwa uwanjani, siku kikosi cha uandikishaji kinapofika katika kaunti ndogo. Kadeti huandaliwa kuwa afisa. Yeye hutuma maombi mtandaoni baada ya Wizara ya Ulinzi kutoa tangazo, na walioteuliwa pekee ndio huitwa kwenye usaili. Anayekwenda uwanjani akitafuta ukadeti amebisha mlango usio wake.

Matangazo ya miaka ya karibuni yamemtaka kadeti awe raia wa Kenya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, na asiwe na rekodi ya uhalifu. Katika KCSE awe na wastani wa B, na angalau C+ katika Kiingereza, Hisabati na somo moja la sayansi. Masharti huweza kubadilika, kwa hiyo lisome tangazo la mwaka husika.

Usaili hupima akili, mwili, afya na namna mtu anavyojieleza. Wanaofaulu huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet, Nakuru, wakafunzwa pamoja na wenzao wa nchi kavu na wa angani, kisha Rais huwatunuku kamisheni.

Njia hiyo hufika mbali. Jenerali Joseph Kibwana (2000–2005) na Jenerali Samson Mwathethe (2015–2020) walitoka Jeshi la Wanamaji, wakaongoza majeshi yote ya Kenya.

Wazazi, kujiunga ni bure. Asikwambie mtu uuze ng'ombe Ogembo au shamba la minazi Kwale ili "kununua nafasi". Hongo ni kosa la jinai kwa mtoaji na mpokeaji, na barua bandia hugunduliwa mapema, mtoto akaishia mahakamani badala ya Lanet. Ukiombwa pesa, piga ripoti polisi. Fedha hizo zitamfaa zaidi akiwa kidato cha pili, kwa vitabu vya hisabati na sayansi.