Mwanafunzi wa teolojia na jamaa yake: nani anabeba mzigo?

Alunguli ni moja ya komine tatu za mji wa Kindu, jimbo la Maniema. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba. Alunguli iko peke yake ukingo wa kuume. Mkristo wa hapo anayeitwa kusoma teolojia anaweza kuvuka mto kwa mtumbwi, au kwenda mbali zaidi, kama vile Bunia. Shule ambayo leo ni Universite Shalom ya Bunia ilianza mwaka 1961 huko Banjwade, karibu na Kisangani, ikahamia Bunia baada ya uasi wa 1964.

Njia za masomo

Shule nyingi za Biblia hupokea hata wasio na diplome ya Serikali, na hufundisha kwa Kiswahili. Universite hudai diplome hiyo, na masomo ni kwa Kifaransa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeanza mfumo mpya: lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2.

Siku ya mwanafunzi

Asubuhi ni ibada, kisha Agano la Kale na Jipya, historia ya Kanisa, Kigiriki, Kiebrania na namna ya kuhubiri. Jioni wengi hushika jembe au kazi ndogo ya kupata chakula. Jumapili mwanafunzi hutumwa parokiani. Huko, aliyesoma kwa Kifaransa lazima aeleze kwa Kiswahili mpaka bibi mzee aelewe. Huo nao ni mtihani.

Jamaa

Mwanafunzi aliyeoa hasomi peke yake. Mke akimfuata, anaacha shamba lake la muhogo na kununua sokoni kila kitu. Akibaki, analea watoto peke yake miaka mitatu au zaidi. Shule kadhaa zina masomo ya wake za wanafunzi, maana mke wa mchungaji naye atatumika.

Kazi ya parokia

Wapendwa, kumwekea mtu mikono na kumsindikiza hadi kivukoni hakutoshi. Wengine huacha masomo si kwa kushindwa mtihani, bali kwa kukosa minervali ya mwaka wa pili. Kabla ya kutuma, wazee wa kanisa waulize: Nani atalipa miaka yote? Mke na watoto watakula nini? Akirudi, atapewa kazi gani? Katika Luka 14:28, Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayehesabu gharama kwanza. Hesabu hiyo si ya mwanafunzi tu. Ni ya kanisa linalomtuma.