Aliyeita Ndiye Alipe: Biashara na Sauti ya Mbali Balambala

Mfanyabiashara wa Balambala, kaunti ya Garissa, anayetaka kuwakutanisha kwa video mnunuzi wa Nairobi, dalali wa soko la Garissa na ndugu mwenye mtaji aliyeko Minneapolis hukuta milango miwili. Mlango wa bure una saa ukutani: Zoom hufunga kikao baada ya dakika 40, na Google Meet huwapa watu watatu au zaidi dakika 60. Mlango wa pili hufunguliwa kwa dola za kila mwezi. Washauri wa biashara mijini huliuliza swali la kulipa au kutolipa kana kwamba limezaliwa na janga la korona mwaka 2020, na jibu lao hupimwa kwa ukubwa wa kampuni na idadi ya wafanyakazi. Kwa kipimo hicho Balambala haina la kusema. Mimi naona kinyume chake. Watu wa ukingo huu wa mto Tana wamekuwa wakiamua kwa vizazi vingi ni mazungumzo yapi yalipiwe na yapi yaende bure, na kanuni waliyofikia ni nzuri kuliko jedwali lolote la bei: habari ni bure, lakini kikao cha kufunga mkataba hulipiwa, na anayelipa ni yule aliyekiita.

Tuanze na habari. Wafugaji wawili wakikutana kisimani au njiani huulizana hali kwa ukamilifu: mvua imenyesha wapi, malisho yamebaki upande gani, ugonjwa gani umeingia kwenye mbuzi, nani amefariki, bei imesimama vipi. Haya hayauzwi. Anayeficha habari ya maji hupoteza heshima, kwa sababu kesho atakuwa yeye mwenye kuuliza. Thamani ya desturi hii ilizidi wakati wa ukoloni, pale sheria ya Outlying Districts ya 1902 na ile ya Special Districts ya 1934 zilipoifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Garissa, kuwa eneo la kuingia na kutoka kwa kibali. Mtu asiyeweza kwenda sokoni apendapo hutegemea kinywa cha aliyetoka huko. Vita vya miaka ya 1960 baada ya uhuru, na utawala wa hali ya hatari uliofuata hadi mapema miaka ya 1990, viliendeleza utaratibu ule ule: barabara ngumu, safari za wasiwasi, na habari zikipita kwa madereva wa malori, kwa barua na kwa kanda za kaseti zilizorekodiwa sauti.

Biashara yenyewe, hata hivyo, haikuachiwa habari za bure. Sokoni alisimama dalali, na dalali alilipwa. Wageni wengi humwona dalali kuwa mtu wa katikati anayepandisha bei, na hapo hukosea. Katika biashara ya ng'ombe ya Garissa kazi yake kubwa ni udhamini: anamjua muuzaji, anathibitisha kwamba mnyama hakuibwa, na kukitokea mgogoro yeye ndiye wa kuulizwa. Baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka Januari 1991, ng'ombe wa Jubba ya Chini walizidi kuvuka mpaka kuelekea Garissa, na kutoka hapo kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na hata Mombasa. Soko hilo lilikua bila benki wala mahakama upande wa pili wa mpaka. Lilisimama juu ya ushahidi wa watu waliolipwa ili wawepo na wakumbuke.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 ndiyo iliyoleta simu ya upepo. Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipofunguliwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992, ofisi za redio zilienea pamoja na hawala, yaani utumaji wa fedha kupitia mawakala. Wasomali waliita mtambo huo taar. Mjumbe alimwita mhusika, mhusika akaja ofisini, akasubiri zamu, kisha akazungumza na mtu wa Kismayu, Nairobi au mbali zaidi pale redio ilipounganishwa na simu. Palikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ilikuwa ya muda. Ya pili haikuandikwa popote: kila aliyekuwa kwenye masafa yale, na kila aliyekaa kwenye benchi, alisikia. Kwa salamu na habari za msiba hilo halikudhuru. Kwa bei ya ng'ombe lilidhuru sana, na ndiyo maana wafanyabiashara walitumia mtambo kuthibitisha jambo lililokwisha kukubaliwa kuliko kupatana bei. Hawala nayo ilikuwa na desturi inayohusu hoja yangu moja kwa moja: kamisheni ilitolewa na mtumaji, na mpokeaji akachukua fedha yake kamili. Mwenye haja ndiye aliyebeba gharama.

Simu ya mkononi haikuvunja kanuni hii. Safaricom na KenCell ziliposhindana kuanzia mwaka 2000, KenCell ililenga watu wa maofisini na kutoza kwa dakika, Safaricom ikatoza kwa sekunde. Mkenya mwenye salio dogo alichagua sekunde, maana alinunua kiasi alichohitaji pasipo kulipia kimya. Anayepiga ndiye aliyelipa, na asiye na salio aliflashi akangoja. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kulipia jambo dogo kwa wakati wake kukawa mazoea. Hapa pana funzo ambalo wauzaji wa vifurushi vya mikutano hawalisemi: kipimo cha malipo kina uzito kuliko bei yenyewe. Mtu anayeuza mifugo kwa msimu hunufaika na malipo ya mwezi mmoja mmoja anayoweza kuyakatiza. Ahadi ya mwaka mzima, hata ikipunguzwa bei, inamfaa mwenye mshahara.

Sasa tuuangalie mlango wa bure kwa macho hayo. Dakika 40 zinatosha mahali ambapo watu huanza na ajenda. Katika kikao cha wafugaji kuna salamu, kuna dua, kuna kumuuliza kila mmoja hali ya nyumbani, kuna mzee ambaye hakatizwi. Bei huja mwisho. Kwa hiyo saa ya Zoom hukata kikao mahali pabaya kabisa, pale ambapo neno zito linataka kutamkwa. Wapo watakaosema mnaweza kubofya kiungo tena na kuendelea. Mnaweza, na kwa mazungumzo ya ndugu hakuna ubaya. Lakini aliyeko Danyere au Jarajara kwenye mtandao dhaifu huenda asirudi, na mnunuzi aliyetoka nje kwa dakika mbili anaweza kurudi na bei nyingine baada ya kuteta na wenzake. Kikao kilichokatika ni vikao viwili, na kila anayejua soko anajua nani hunufaika na kituo cha katikati.

Pingamizi kubwa zaidi ni WhatsApp. Iko kwenye kila simu, na simu zake za kundi, zilizoanza na watu 4 mwaka 2018 na kufika 32, hazina kikomo cha muda. Basi kwa nini mtu alipe? Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Kwa kuulizana bei, kumwonyesha mnunuzi mbuzi walivyo, kupanga lori, WhatsApp inatosha, na anayelipa dola kwa mambo hayo anatupa fedha. Inapopungukiwa ni kwenye kumbukumbu. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qurani, inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe, na mji wa Waislamu hauhitaji kuelezwa umuhimu wake. Zoom ya bure huruhusu kurekodi kwenye kompyuta tu. Anayeendesha kikao kwa simu, kama walivyo wengi Balambala, hawezi kurekodi mpaka awe na akaunti ya kulipia inayohifadhi rekodi kwenye mtandao. Kwa hiyo mtu wa mjini mwenye kompyuta hununua muda peke yake, ilhali mtu wa Balambala hununua muda na shahidi. Rekodi haimwondoi dalali. Video haigusi mbavu za ng'ombe wala haijui aliibwa wapi. Inamwongezea dalali kumbukumbu isiyosahau tarehe ya malipo.

Wengine hulipa kwa sababu ya usalama, wakiamini kwamba rahisi huvunja upishi. Hapo ushahidi hauwaungi mkono. Mnamo Juni 2020 mkuu wa Zoom, Eric Yuan, alisema usimbaji wa kutoka mwanzo hadi mwisho ungekuwa wa wanaolipa. Watu wakapinga, na ilipofika Oktoba huduma hiyo ikatolewa hata kwa wa bure. Novemba mwaka huo kampuni ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani iliyoilaumu kwa kuwadanganya watumiaji kuhusu kiwango cha usiri wao. Nywila na chumba cha kusubiri vimo katika kifurushi cha bure. Aliyekuwa akisikiwa na benchi zima wakati wa simu ya upepo hatasalimika kwa kulipa, kama bado anakaa dukani na sauti ya simu iko juu.

Limebaki pingamizi la mtandao wenyewe. Minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na baada ya mnara kuanguka hakuna kifurushi kinachofaa. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, imewapa baadhi njia nyingine, ingawa si kila duka litaweza bei ya mtambo. Tena bando huliwa: saa moja ya kikao cha video cha watu wengi huweza kumaliza takribani GB moja kwa kila mshiriki, na hilo ni kweli kwa aliyelipa na asiyelipa. Naliona hili kuwa sababu ya kulipa kwa uangalifu, wala halinizuii kulipa. Zimeni picha wakati wa mazungumzo, iwasheni mnyama anapoonyeshwa. Wala msifunge biashara yote kwa kampuni moja. Marekani ilipoifunga kampuni ya hawala ya Al-Barakaat Novemba 2001, na Kenya iliposimamisha kampuni 13 za kutuma fedha Aprili 2015 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, familia zenye njia moja ndizo zilizoumia zaidi. Skype, iliyofungua simu za bure kwa dunia kuanzia 2003, ilizimwa Mei 2025.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kundi la wafugaji, au wakulima wa ndizi na maembe wa Sankuri na Saka, halihitaji akaunti ya kulipia kwa kila mwanachama. Linahitaji moja, iliyo mikononi mwa katibu, kwa kuwa Zoom humtoza mwenyeji na wageni huingia bure, sawa na hawala ilivyomtoza mtumaji. Mwaka 2020 bei ya kifurushi cha chini ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa watu kumi hakuna atakayezihisi. Tangu Juni 2022 M-Pesa hutoa kadi ya Visa isiyo ya plastiki, kwa hiyo kukosa kadi ya benki si kizuizi tena. Ilipiwe katika miezi ya mauzo, kama ile inayotangulia Idd al-Adha, na ikatizwe baada ya hapo ili isijitoze yenyewe. Siku nyingine WhatsApp itoshe. Na katibu atakayekabidhiwa akaunti hiyo achaguliwe mbele ya watu, kwa sababu yeye ndiye atakayeshika rekodi za madeni ya wenzake.