Andazi Lenye Tundu

Kila mtu aliyepata kukaanga maandazi anaijua aibu hii: andazi limepata rangi nzuri, umempa mgeni wako, naye akilimega, unga wa katikati ungali mbichi. Jambo hilo dogo ndilo chanzo cha habari yangu ya leo.

Huko Marekani andazi huitwa donati. Mwandishi Washington Irving, katika kitabu chake cha mwaka 1809, aliyataja madonati kuwa ni vidonge vya unga mtamu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tundu hakulitaja. Kidonge kinene kina taabu yake: moto wa mafuta huanzia nje na kwenda ndani polepole, hata ukingoja katikati paive, nje pamekwisha ungua.

Mwaka 1916 baharia mmoja mzee, Hanson Gregory wa jimbo la Maine, alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba dawa ya taabu hiyo aliigundua yeye. Alisema kuwa yapata mwaka 1847, alipokuwa kijana wa miaka 16 katika merikebu, alichoshwa na maandazi mabichi ya chomboni. Akatwaa kifuniko cha kopo la pilipili, akakitumia kutoboa unga katikati. Sasa mafuta yaliweza kupita ndani na nje, wala hapakuwa tena na mahali pa kujificha ubichi. Mji wa Rockport, alikozaliwa, uliwekewa kibao cha ukumbusho mwaka 1947.

Je, tumsadiki? Mimi simwiti mwongo, lakini mzee anayesimulia mambo ya miaka karibu 70 iliyopita hana shahidi. Tena mkate wa duara wenye tundu ni wa kale kuliko yeye. Sheria za Wayahudi wa mji wa Kraków, katika Polandi, zilizoandikwa mwaka 1610, zinautaja mkate uitwao begeli, ambao huchemshwa majini kwanza, kisha huokwa. Wauzaji waliweza kuitunga begeli katika kamba au kijiti, kama wavuvi watungavyo samaki. Basi yamkini tundu liligunduliwa mara nyingi, na watu wengi wasioandikwa jina.

Wawili walioandikwa ni wanawake. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Helen Purviance na Margaret Sheldon wa Jeshi la Wokovu walikuwa Montiers-sur-Saulx, katika Ufaransa, pamoja na askari wa Marekani. Mvua ilikuwa nyingi, askari wamechoka, na vyakula vya kupikia vichache. Chupa ya mvinyo ikawa mchi wao wa kusukumia unga, na sufuria yao ndogo ilichukua maandazi saba tu kwa mara moja. Hata hivyo siku ya kwanza walikaanga 150, na askari walijipanga matopeni kungojea zamu zao. Maandazi hayo ya kwanza hayakuwa na tundu. Tundu lilifuata baadaye, askari walipoliulizia.

Nami naona walikuwa na haki kuliulizia. Andazi la tundu lina kingo mbili za kutafuna, ya nje na ya ndani, na nyama laini kati yake. Likitolewa mafutani, likachuja, likanyunyizwa sukari lingali moto, kikombe cha kahawa kando, basi yule aliyelipika hana haja ya kumtazama mgeni kwa hofu anapolimega.